Wakisema "kichwa ilikufa", tuwaulize ushahidi



Kuko sentensi moja ambayo imekuwa kama sheria mu sekretaria zetu, kuanzia Baraka mpaka kule juu Fizi-Centre: "Kichwa ilikufa." Imprimanti inaanza kuacha mistari myeupe katikati ya maandishi. Fundi anaitwa, anafungua mashini, anaangalia dakika tano, anatoa hukumu. Mwenye sekretaria anaanza kutafuta pesa ya mashini nyingine. Mwanafunzi aliyekuja na TFC yake, na tarehe ya kudepoza ni kesho, anaambiwa aende mbele kidogo. Hakuna anayeuliza kichwa kilikufa kwa ugonjwa gani.

Leo nataka kuikosoa sentensi hiyo. Nitaanza na fizikia, maana hapo njo inapoangukia. Kisha nitawakosoa wanaofanya utafiti juu ya vichwa hivyo na wanaovitengeneza, na mwisho sisi wenyewe wenye diploma, juu kuko sehemu ya kosa ambayo ni yetu.

Tusiseme eti hii ni habari ya mashini tu. Sekretaria mu Baraka ni nini? Ni meza, ordinateri moja, imprimanti ya matangi ya wino, pano ya jua juu ya bati, batri na konvertisa. Nyuma ya meza anakaa kijana, mara nyingi mwenye diploma kama mimi na wewe, ambaye hakupata kazi akaamua kujitengenezea. Fasi hiyo njo tunachapia TFC, barua za kuomba kazi, orodha za wanafunzi, programu za ndoa na za kilio. Mashini ikisimama, mkate wa nyumba moja unasimama. Na Uvira, fasi ambayo mtu angetafuta vipande, iko karibu kilomita 100 kwa barabara ya taifa namba 5. Wanaoijua barabara hiyo wakati wa mvua hawahitaji maelezo yangu.

1. Kitu gani kinaishi ndani ya kichwa

Imprimanti za wino ziko za koo mbili. Ukoo wa kwanza unatumia moto. Ndani ya kila tundu kuna kipande kidogo kinachopashwa joto ghafla, wino unachemka, povu linasukuma tone nje. Canon waligundua njia hiyo mwaka 1977, HP wakatoa ThinkJet yao mwaka 1984. Ukoo wa pili hauchemshi kitu. Unatumia seramiki ambayo ukiipa umeme inajikunja. Siemens waliuza mashini ya namna hiyo, PT-80, mwaka 1977, na Epson wakaingiza kichwa chao cha Micro Piezo sokoni mwaka 1993. Imprimanti nyingi za matangi tunazoziona hapa kwetu ni za ukoo huu wa pili.

Msingi wake ni wa zamani sana. Mwaka 1880, Pierre Curie na kaka yake Jacques walionyesha kwamba kristali kama kwatzi ukiibana inatoa chaji ya umeme. Mwaka uliofuata Gabriel Lippmann alisema kinyume chake lazima kiwepo pia: ukiipa kristali umeme, itabadilika umbo. Ndugu hao wawili wakalihakikisha jambo hilo. Wengi wetu tunamjua Pierre Curie kwa ajili ya radiamu, tunaandika jina lake kwenye mtihani, halafu tunasahau kwamba kazi yake ya ujana iko juu ya meza ya sekretaria pale sokoni.

Mu imprimanti za leo hatutumii kwatzi. Tunatumia seramiki yenye risasi, zirkoni na titani, ile watu wa kazi wanaita PZT. Nyuma ya kila tundu kuna chumba kidogo cha wino, na ukuta mmoja wa chumba hicho ni utando mwembamba uliogandishwa na seramiki hiyo. Mashini inatuma pigo la umeme, makumi ya volti. Seramiki inajikunja kidogo sana, chini ya mikromita moja, wakati unywele wa mtu una mikromita 50 hadi 100. Chumba kinabanwa, tone linatoka. Seramiki inarudi, chumba kinavuta wino mwingine. Hayo yanafanyika maelfu ya mara kila sekunde. Kipande hicho kinachosukuma njo kinaitwa aktueta, na mtu akisema kichwa kimekufa, kwa haki anapaswa awe anasema kwamba aktueta zimekufa.

2. Hesabu ambayo hakuna anayeifanya

Sasa tuchukue karatasi na kalamu. Epson L3110, ambayo wengi mnaijua kwa sura, ina matundu 180 ya wino mweusi, na tone lake dogo kabisa ni pikolita 3. Chupa yake ya wino mweusi ina mililita 65, na mtengenezaji anasema inachapa kurasa 4,500. Mililita moja ni pikolita bilioni 1. Kwa hiyo chupa nzima ni pikolita bilioni 65. Gawa kwa 3, gawa tena kwa 180, unapata kwamba kila tundu linapiga karibu mara milioni 120 kwa chupa moja.

Namba hiyo inatisha, ni kweli. Lakini watafiti wa vichwa vya piezo wanahesabu uhai wa aktueta kwa mabilioni ya mapigo. Tuseme ni mapigo bilioni 10, namba ambayo si ya ajabu katika maandishi yao. Ili kuyafikia unahitaji chupa 83, maana yake kurasa zaidi ya 370,000. Sekretaria inayochapa kurasa 100 kila siku, siku 300 kwa mwaka, itahitaji miaka 12. Na hapo nimechukua tone dogo kabisa. Kama tone la wastani ni kubwa zaidi, miaka inaongezeka.

Mtu anaweza kunipinga kwamba matundu hayafanyi kazi sawa, mengine yanachoka zaidi, na kuna mitikisiko midogo ambayo mashini inaipa wino usikauke bila kutoa tone. Sawa kabisa. Kata basi hesabu yangu nusu. Bado inabaki miaka 6. Mashini ngapi hapa Baraka zimefika miaka 6 kabla ya kuambiwa "kichwa ilikufa"? Nyingi zinahukumiwa mu mwaka wa pili. Kwa hiyo seramiki kuchoka kwa kupiga sana, sababu ambayo kila mtu anaifikiria, njo sababu ya mwisho ya kushuku.

3. Watafiti wanapambana na nini

Nisiwaonee watafiti. Kazi yao ya kurefusha uhai wa aktueta ni nzuri, na inafaa tuijue.

Adui wa kwanza ni unyevu ukiungana na umeme. Seramiki ikikaa na volti juu yake mu hewa yenye maji, umeme unaanza kuvuja pembeni, chuma cha elektrodi kinaweza kutembea polepole kutoka upande mmoja kwenda mwingine, na mwisho kipande kinapiga shoti. Dawa zao: kufunika seramiki kwa utando mwembamba wa alumina au wa kitu kingine kisichopitisha maji, kufunga chumba chake vizuri, na kutoacha volti kubwa juu yake wakati mashini imepumzika.

Adui wa pili ni uchovu wenyewe. Sehemu seramiki inapogusana na elektrodi ya platini, kasoro ndogo zinajikusanya kila pigo, na nguvu ya kujikunja inapungua. Wamegundua kwamba elektrodi za oksaidi, mfano zile zenye iridi au ruteni, zinapunguza tatizo hilo. Wengine wanaongeza niobi kidogo ndani ya seramiki, wengine wanaipanga kristali yake ielekee upande mmoja.

Adui wa tatu ni nyufa. Kitu kinachojikunja mabilioni ya mara kitapasuka fasi yenye mkazo mkubwa. Hapo wanabadilisha umbo la utando na la pigo la umeme lenyewe, ili lipande na kushuka taratibu, lisiipige seramiki kama nyundo.

Haya yote ni ya kweli na yanasaidia. Ukosoaji wangu uko fasi nyingine. Neno "uhai" mu maandishi yao lina maana ya aktueta peke yake, ikiwa mu maabara, ikipata umeme safi usiokatika na wino uliochujwa. Hata wanapojaribu hali mbaya, wanaijaribu kwa namna yao: kuna jaribio maarufu la elektroniki la kuweka kipande mu joto la digrii 85 na unyevu wa asilimia 85. Hilo ni jaribio kali, ziwa letu haliwezi kufika hapo. Lakini mu chumba hicho cha jaribio hakuna vumbi la Julai. Hakuna konvertisa inayozimika katikati ya ukurasa. Hakuna chupa ya wino isiyo na jina. Kipande kinafaulu mtihani ambao sisi hatuufanyi, kinakuja kwetu kufanya mtihani ambao hakuna aliyeuandika.

4. Kwetu kichwa kinauawa vipi

Kwanza, umeme kukatika. Mashini ikimaliza kazi vizuri, kichwa kinarudi upande wa kulia, kinakalia kifuniko cha mpira kinachozuia matundu yasikauke. Batri ikiisha katikati ya ukurasa, kichwa kinabaki njiani, wazi kabisa. Kama ni saa kumi na moja jioni na mwenye sekretaria anafunga mlango akienda nyumbani, matundu yanalala wazi mpaka kesho, pengine mpaka Jumatatu. Wino unakauka kwenye midomo ya matundu. Kesho mistari myeupe inaonekana, na hukumu inatoka. Aktueta iko mzima kabisa. Inasukuma ukuta uliozibwa.

Pili, hewa. Tangi likiachwa likaisha, hewa inaingia mu mirija mpaka kwenye vyumba vya wino. Seramiki inajikunja kama kawaida, lakini hewa inabanika, wino haubaniki. Nguvu yote inaishia mu povu, tone halitoki. Hapa pia aktueta haina kosa.

Tatu, wino wenyewe. Kuko wino ambao rangi yake imeyeyuka mu maji, na kuko wino ambao rangi yake ni chembe ndogo zinazoelea. Ukichanganya wa namna mbili mu tangi moja, unaweza kupata tope. Chupa isiyo na jina, bei chini, imekaa juani kwenye kibanda, mwenye nayo mwenyewe hajui ndani kuna nini.

Nne, na hapa mafundi wetu wanisamehe, ni dawa inayoua mgonjwa. Fundi anachukua sirinji, anaijaza maji ya moto au pombe, anasukuma kwa nguvu yote ili afungue matundu. Ule utando wa nyuma ya chumba ulitengenezwa ujikunje chini ya mikromita moja, sasa unapokea nguvu ya kidole gumba. Unaweza kupasuka. Halafu kichwa kinarudishwa mu mashini kikiwa bado na unyevu kwenye ile kebo bapa yake. Mashini inawashwa, maji yanaunganisha nyaya ambazo hazikupaswa kuunganishwa, chipu inayotuma mapigo inaungua, na wakati mwingine fyuzi ya bodi kubwa inaondoka nayo. Sasa kichwa kimekufa kweli. Lakini asubuhi kilikuwa kizima.

Ukiangalia vizuri, mu sababu hizo nne hakuna hata moja ambayo ni uchovu wa piezo. Njo maana nasema sentensi yetu ni mbaya: inamzika mtu bila kumpima mapigo ya moyo.

5. Kupima kabla ya kuzika

Kipimo kipo na hakina gharama: ule ukurasa wa kuangalia matundu, ambao mashini yenyewe inauchapa. Shida ni kwamba tunauchapa mara moja, tunaona mapengo, tunakimbilia kusafisha. Tuuchape mara tatu, tusubiri kidogo katikati, kisha tulinganishe.

Mapengo yakihama, leo hapa kesho pale, mara nyingi ni hewa. Iache mashini ipumzike masaa kadhaa, angalia kiasi cha wino mu tangi, rudia. Pengo likibaki fasi ileile kila mara, tundu hilo limeziba au aktueta yake ina shida. Jaribu kulowanisha polepole kwa kimiminika cha kusafishia kichwa, bila nguvu, usiku mzima. Rangi nzima ikikosekana, shuku njia ya wino: mrija uliobanwa, kichujio kilichoziba, tangi tupu. Rangi zote zikikosekana kwa mara moja na mashini inatoa alama ya kosa, hapo shuku umeme: kebo, chipu, fyuzi. Ukishapita hatua hizo zote na bado kuna mapengo yaleyale, basi sema kichwa kimekufa, na nitakuamini.

Na tuache ile tabia ya kubonyeza kusafisha kichwa mara kumi mfululizo. Kila usafishaji unavuta wino kutoka tangini na kuumwaga mu sponji iliyo ndani ya mashini. Unalipa wino ambao hautaona ukurasa wowote. Na mashini inahesabu. Sponji ikidhaniwa imejaa, mashini inakataa kuchapa, hata kama kichwa ni kizima. Hicho nacho wengine wanakiita kifo.

6. Neno kwa watengenezaji

Jambo la sponji linanipeleka Ufaransa. Mwezi wa 9 mwaka 2017, shirika linaloitwa HOP lilipeleka malalamiko kwa mwendesha mashtaka juu ya watengenezaji wa imprimanti, na Epson ikatajwa zaidi. Walitumia sheria ya Ufaransa ya mwaka 2015 inayofanya kuwa kosa kupunguza makusudi maisha ya bidhaa. Walisema katriji zinatangazwa kuwa tupu wakati wino bado upo, na sponji inatangazwa kuwa imejaa kabla ya kujaa. Epson ilikana. Mimi si hakimu wa kesi hiyo, na sababu ya kuhesabu sponji inaeleweka, maana ikijaa kweli wino utamwagika juu ya meza ya mteja. Nachokipenda mu kesi hiyo ni swali lake: nani anaamua kwamba mashini imefika mwisho, na anaamua kwa kipimo gani?

Swali hilo linatuhusu kuliko Wafaransa. Mu imprimanti nyingi za moto, kichwa kiko juu ya katriji, ukibadilisha katriji umebadilisha kichwa. Mu za piezo kichwa ni cha kudumu, kimejengwa ndani ya mashini. Hiyo ni sifa kama kipande kinadumu, ni adhabu kama kinakufa mapema, juu bei ya kichwa, safari yake na kazi ya fundi vinamfanya mtu aone afadhali anunue mashini nzima. Mtengenezaji anayeuza kichwa cha kudumu ana deni la kukifanya kidumu pale mteja anapoishi.

Na wasituambie eti mashini hizi si za kwetu, tununue za leza. Leza inapika wino wa unga kwa joto, na wakati huo inavuta mamia ya wati. Konvertisa ndogo ya sekretaria inaanguka palepale. L3110 ikichapa haifiki wati 20. Kwa mtu mwenye pano moja na batri moja, hakuna teknolojia inayomfaa kuliko hii isiyochemsha kitu. Ni kwa sababu inatufaa sana njo nalalamika. Kitu kibaya ningekiacha tu.

Ningekuwa na nafasi ya kuongea na wahandisi wao, nisingewaomba elektrodi mpya. Ningewaomba batri ndogo ndani ya mashini, yenye nguvu ya sekunde chache tu, umeme ukikatika kichwa kirudi kikakalie kifuniko chake. Ningewaomba sponji ambayo mwenye mashini anaweza kuibadilisha mwenyewe kwa bisibisi. Mu mifano kadhaa mipya wamefanya hivyo, basi wafanye mu zile za bei ya chini ambazo njo zinatufikia. Na ningewaomba waandike mu karatasi ya mashini uhai wa kichwa katika hali ya umeme unaokatika mara tano kwa siku. Waipime hiyo, waitangaze, tununue tukijua.

7. Na sisi je?

Sasa narudi nyumbani. Tunasema tumesoma. Kati yetu kuko waliosoma fizikia, umeme, informatike, na kuko waliosoma maendeleo ya vijijini ambao TFC zao zote zilipita mu matundu hayo 180. Lakini fundi akisema "kichwa ilikufa" tunanyamaza kama watu waliosikia neno la nabii. Fundi huyo simlaumu sana. Mara nyingi hana kitabu cha mashini, alijifunza kwa kuangalia mkubwa wake, na mkubwa wake vilevile. Sisi tuliopata nafasi ya kusoma njo tulipaswa kumletea elimu, na hatujafanya.

Kuko pia hasara ambayo haionekani haraka. Kila mashini inayotupwa ina bodi, ina plastiki, na ndani ya kichwa chake ina seramiki yenye risasi. Ni kiasi kidogo sana kwa mashini moja. Ulaya inakataza risasi mu vifaa vya umeme kwa jumla, lakini imeiruhusu mu seramiki za piezo kwa sababu bado ni vigumu kupata nyingine inayofanya kazi sawa. Wao wana fasi za kukusanya mashini mbovu. Sisi tuna jalala, mfereji, na chini ya mfereji ziwa Tanganyika ambalo tunakunywa na tunavua. Kutupa mashini nzima kwa sababu ya pengo la hewa ni hasara mara mbili.

Pendekezo langu ni dogo na halihitaji mfadhili. Kila sekretaria iwe na daftari moja la mashini. Tarehe, kurasa ngapi, wino gani, umeme ulikatika mara ngapi, ukurasa wa kipimo umebandikwa ndani. Wahitimu wawili au watatu wa fizikia na informatike wapite kila mwezi kusoma madaftari hayo. Baada ya mwaka mmoja tutakuwa na kitu ambacho hata watafiti wa mbali hawana: rekodi ya jinsi aktueta za piezo zinavyoishi kando ya ziwa, kwenye umeme wa jua, mikononi mwa watu wanaohesabu kila franka. Mwanafunzi anayetafuta somo la TFC, hilo hapo. Ni somo zuri kuliko kurudia kwa mara ya ishirini faida na hasara za intaneti kwa vijana.

Na wakati tunasubiri, tufanye yale yaliyo mikononi mwetu. Usiku, kabla ya kufunga, hakikisha kichwa kimerudi kwenye kifuniko chake. Batri ikiwa chini, usianze TFC ya kurasa 60. Tangi lisishuke chini ya alama. Wiki ambayo hakuna kazi, chapa ukurasa mmoja wa rangi zote. Nunua wino kwa mtu ambaye unaweza kumrudia ukamwuliza. Sirinji iache kwa muuguzi.

Nimesema nilichotaka kusema. Fundi mwenye hoja tofauti aje nayo hapa, hasa kama amefungua vichwa vingi kuliko mimi. Nitakachomwomba ni kimoja tu: aje na ule ukurasa wa kipimo, uliochapwa mara tatu.